Kuhesabu sange na ndege Arabuko-Sokoke: kikundi cha kujitolea kianzie wapi?

mrihi_mkavu

Salaam wadau. Sisi ni watu 14 wa kujitolea kutoka vijiji vinavyopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, upande wa Gede, kaunti ya Kilifi. Karibu wote wanajua ndege kwa sauti, ila wanaoiweza GPS ni wanne tu. Tuna madaftari ya miaka miwili yaliyojaa majina ya ndege na wanyama, lakini ukiyauliza swali dogo tu, "sange wameongezeka au wamepungua?", hayana jibu. (Sange ni mnyama mdogo wa msituni mwenye pua ndefu.)

Tunataka kuanza upya, tuingie msituni mara nne kwa mwaka kwa utaratibu mmoja. Naomba mwongozo:

1. Sange wa kiuno cha dhahabu (Rhynchocyon chrysopygus) ahesabiwe mwenyewe au vihesabiwe viota vyake?
2. Mistari ya kutembea iwe mingapi, ya urefu gani, na ipite wapi?
3. Ndege tuwahesabu asubuhi hiyo hiyo au siku nyingine?

Vifaa: GPS mbili, darubini nne, simu zetu, na kamera-mtego mbili za kuazima (zinajipiga picha zenyewe mnyama akipita). Pesa zilizopo zinatosha nauli na chakula cha mchana.

---

mpima_msitu

Madaftari hayajibu kwa sababu yanasema mliona nini, hayasemi mlitafuta kiasi gani. Sange 9 katika kilomita 3 na sange 9 katika kilomita 12 ni habari mbili tofauti kabisa. Kwa hiyo kabla ya jina la mnyama yeyote, fomu ianze na juhudi: mstari gani, mita ngapi zimetembewa, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na nani alikuwa anaangalia. Asubuhi ambayo hamkuona kitu, fomu ijazwe vilevile na sifuri iandikwe. Nafasi tupu haituambii kama hakukuwa na mnyama au mwandishi alisahau.

Mistari sasa. Msitu una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi na una sura tatu: msitu mchanganyiko upande wenu wa mashariki, ukanda wa mirihi (miti ya Brachystegia) kwenye mchanga mweupe katikati, na vichaka vizito vya miti ya Cynometra kwenye udongo mwekundu upande wa magharibi. Sange hawajatawanyika sawasawa humo, kwenye mirihi ni wachache. Mkiweka mistari yote karibu na Gede kwa sababu nauli ni nafuu, mtakuwa mmehesabu msitu mchanganyiko tu, na msije mkasema "Arabuko-Sokoke". Kwa watu 14 ningeweka mistari 6 ya kilomita moja moja, miwili kila sura. Jozi sita zinatembea, wawili wanabaki akiba, maana lazima kuna atakayeumwa au kuwa na msiba.

Mstari usifuate barabara wala njia ya watu. Kando ya njia kuna mwanga zaidi, vichaka vya aina nyingine na watu wanaopita, kwa hiyo mtakuwa mnahesabu wanyama wa kando ya njia. Chora gridi (miraba iliyo sawa) juu ya ramani, nukta ya kwanza ipatikane kwa kura, zilizobaki zifuate kwa umbali sawa. Mkishapata mwanzo wa mstari, shikeni digrii moja ya dira hadi mwisho. Kata matawi kwa mkasi wa bustani, nafasi ya bega tu ipatikane. Ukiingia na panga ukafungua njia pana, umewatengenezea barabara wakata miti. Kazi hiyo iishe wiki mbili kabla ya kuhesabu, msitu utulie. Wekeni alama yenye namba kila mita 50.

Mwendo ni kilomita moja kwa saa moja au zaidi kidogo. Wawili tu: wa mbele anaangalia, wa nyuma anaandika na kusikiliza. Kila mita 50 mnasimama nusu dakika. Mnaanza mara tu mwanga unapotosha kuona chini, mnamaliza kabla ya saa tatu asubuhi. Mvua au upepo mkali, ahirisheni, kwa sababu sange husikika kwenye majani makavu kabla hajaonekana, na siku ya upepo kila jani ni sange.

Umbali ndipo watu wengi wanapoharibu. Kinachotakiwa ni umbali kutoka kwenye mstari, kwa pembe mraba, hadi pale mnyama alipokuwa ulipomwona mara ya kwanza. Sange akishtuka anaruka mita kumi kufumba na kufumbua, na jicho linamfuata. Kabla hujamwonyesha mwenzako, shika kwa macho mti au gogo alipokuwa, kisha pimeni kwa tepu. Kama kichaka hakipitiki, chukua umbali kutoka kwako hadi pale, na pembe kati ya mstari na mnyama, zidisha umbali kwa sine ya pembe. Mita 20 kwa digrii 30 ni mita 10.

---

kiota_cha_majani

Mpima kasema sawa. Mimi nijibu la sange.

Hesabuni vyote viwili, ila kwa safu mbili tofauti kwenye fomu, wala msigeuze viota kuwa wanyama. Sange huyu hulala kwenye lundo la majani makavu analolijenga chini, linaweza kufika upana wa mita moja. Hulijenga asubuhi na mapema majani yakiwa bado na umande, hayapigi kelele. Dume na jike wanashirikiana eneo moja lakini kila mmoja hulala kivyake, na kila mmoja ana viota kadhaa anavyobadilishabadilisha. Kwa hiyo viota 12 havimaanishi sange 12, wala 6. Vinachotoa ni kipimo cha kulinganisha: viota kwa kila kilomita, mstari huohuo, msimu huohuo, mwaka kwa mwaka.

Kukitambua kiota kunahitaji mafunzo ya nusu siku. Upepo pia hukusanya majani kwenye mashina na kando ya magogo. Lundo la upepo limeegemea kitu na halina umbo. Kiota ni kilima cha mviringo kilichoinuka kidogo, na mara nyingi sakafu iliyokizunguka imepungua majani, kwa sababu ndiyo yaliyojengea. Gawanyeni viwili kwenye fomu: "kipya" (majani yamesimama, kilima kimevimba) na "cha zamani" (kimelala, kimeanza kuoza au kuota uyoga). Msikifukue kuthibitisha. Mwenyewe anaweza kuwa ndani, na akitoka hapo mchana mnampeleka mdomoni mwa tai.

Viota havikimbii, kwa hiyo vihesabuni wakati wa kurudi kwenye mstari. Mkivitafuta wakati wa kwenda, macho yanabaki chini na mnyama wa mita 15 mbele anapita. Tafuteni mita 5 kila upande, si zaidi, na mpime mwanzoni kwa kamba hadi kila mtu aijue mita 5 kwa jicho.

Tahadhari nyingine: msitu huo una pia sange wa vidole vinne (Petrodromus tetradactylus). Ni mdogo, chini ya nusu ya uzito wa mwenzake, rangi ya kahawia bila kiuno cha njano. Yeye hajengi kiota, bali ana vijia vyembamba alivyovisafisha kati ya majani. Akiwa na wasiwasi anapiga ardhi kwa miguu ya nyuma, wakati yule mkubwa anapiga majani kwa mkia. Ukiona kitu kimeruka na hukuona kiuno wala ncha nyeupe ya mkia, andika "sange, hakutambulika". Safu hiyo ikiwa tupu mwaka mzima, fomu ziangalieni kwa jicho la shaka.

---

karani_wa_fomu

Wataalamu wa wanyama wameshasema, mimi nazungumzia karatasi, maana data nyingi za vikundi hufia pale.

Adui wa kwanza ni saa ya Kiswahili. Mwandishi anatazama saa, anaona saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, anaandika 12:20. Mwenzake wa jozi ya pili anaandika 6:20. Wa tatu anaandika 06:20. Miezi mitatu baadaye anayeingiza data kwenye kompyuta hana njia ya kujua kama jozi ya kwanza iliingia alfajiri au mchana jua la utosi. Amueni leo: saa inanakiliwa jinsi ilivyo kwenye kioo cha simu, tarakimu nne, mfumo wa saa 24, na juu ya kila fomu pawe na mfano uliokwishajazwa. Mdomoni semeni "saa kumi na mbili" kama kawaida, hakuna aliyekatazwa.

Adui wa pili ni alama ya kutoa. Arabuko-Sokoke iko kusini mwa ikweta, kama −3.3, 39.9. Ukisahau hiyo alama, sange wako anahamia karibu na mpaka wa Ethiopia. Wekeni GPS zote kwenye nyuzi za desimali, mfumo wa ramani wa WGS84, tarakimu tano baada ya nukta. GPS moja ikiwa kwenye dakika na sekunde na nyingine kwenye desimali, mtapata ramani ya ajabu.

Tatu, majina. "Paa" kwa mtu mmoja ni suni, kwa mwingine ni mnyama yeyote mdogo mwenye kwato. "Bundi" ni spishi kadhaa. Tengenezeni orodha ya ukurasa mmoja: jina la Kigiriama, la Kiswahili, la kisayansi, na kifupi cha herufi nne kinachoandikwa kwenye fomu, mfano RHCH kwa sange mkubwa, PETE kwa mdogo. Kifupi kisichokuwa kwenye orodha hakiandikwi. Andika maelezo ya ulichokiona, jina litafuata baadaye.

Nne, namba za kukadiria. Ukikuta fomu imejaa umbali wa 5, 10, 15, 20 na hakuna hata 7 au 13, tepu ilibaki mfukoni.

Andikeni kwa penseli, HB, kwenye ubao wenye klipu. Wino unaogelea umande ukidondoka. Fomu zote zipigwe picha siku hiyohiyo kabla watu hawajatawanyika, na mtu ambaye hakuingia msituni azisome akiwauliza maswali wakiwa bado wanakumbuka. KoboToolbox, programu ya kujazia fomu kwenye simu, ni ya bure na inafanya kazi bila mtandao, lakini kwa mwaka wa kwanza ningebaki na karatasi msituni, na Kobo itumike kuingizia data jioni. Simu ikizimika katikati ya mstari, asubuhi nzima imekwenda.

---

sauti_alfajiri

Ndege wapeni asubuhi yao. Anayesikiliza ndege juu na kutazama sange chini hufanya vyote nusunusu.

Tumieni mistari ileile, ila kwa kusimama: vituo vya mita 200 kati ya kimoja na kingine, dakika 10 kila kituo, baada ya dakika 2 za kutulia. Kwenye kilomita moja mnapata vituo 6 ukihesabu cha mwanzo. Kila ndege aandikwe mara moja, kwa kuonekana au kusikika, na kama ni ndani ya mita 50 au nje. Zaidi ya hapo msijitese, kukadiria umbali wa sauti msituni ni ramli. Walioruka juu bila kutua wana safu yao.

Kwa orodha ya jumla ingieni Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya. Nchi imegawanywa kwa miraba ya dakika 5 kwa dakika 5, yaani kilomita 9 hivi kila upande. Kadi kamili (orodha ya ndege wa mraba mmoja) inataka angalau saa mbili za kutafuta kwa bidii ndani ya mraba mmoja, na inaweza kuendelezwa hadi siku tano. Spishi zinaandikwa kwa mfuatano wa kuonekana. Msiruke kunguru wala shomoro kwa kuona ni wa kawaida, kwa sababu mfumo unahesabu uwiano wa kadi zenye spishi fulani.

Mfuatano wa miezi usibadilike. Februari, Mei, Agosti na Novemba ni mzuri. Ndege mhamaji Geokichla guttata (kwa Kiingereza Spotted Ground Thrush), kwa mfano, huja kwenu baada ya kuzaliana kusini, huonekana kati ya Aprili na Oktoba hivi, kisha huondoka. Wahamaji wa Ulaya na Asia ni kinyume chake. Mwaka mmoja mkihesabu Agosti na mwaka unaofuata Novemba, mtatangaza maafa ambayo ni kalenda tu. Mei ni masika, kwa hiyo tengeni siku za akiba mara mbili.

Kuhusu bundi mdogo wa Sokoke (Otus ireneae), yuko kwenye Cynometra na anahesabiwa usiku kwa sauti. Najua kila mtu ana rekodi yake kwenye simu. Sikilizeni kwanza dakika 5 kimya. Mkiamua kupiga rekodi, iwe sekunde 30, mara moja, sauti ya chini, na iandikwe kwenye fomu kwamba ilipigwa. Bundi anayeitwa kila usiku anaacha kuwinda aje kugombana na simu. Vituo viachane mita 500, vinginevyo bundi mmoja atawafuata na kuhesabiwa mara tatu.

---

mrihi_mkavu

Shukran sana, hasa la saa, limetugusa penyewe. Mawili yamebaki. Kamera mbili tuziweke wapi? Na kuna wazo kwenye kikundi kwamba jozi itakayoona wanyama wengi zaidi ipewe zawadi ya kututia moyo. Mnaonaje?

---

mpima_msitu

Zawadi hiyo ifutwe leo. Ukilipa kwa idadi, wanyama wataongezeka kwenye karatasi. Kama ni kutia moyo, ipewe jozi yenye fomu zilizokamilika. Tena zungusheni jozi kati ya mistari, ili macho makali ya mtu mmoja yasifanye mstari wake uonekane una wanyama wengi kuliko mingine.

Kuna jambo nilisahau. Hesabu ya msongamano kwa kutumia umbali inahitaji mionekano 60 hadi 80 ya spishi moja. Mistari 6 ikitembewa mara 4 kwa mwaka ni kilomita 24, na kwa sange wawili kila kilomita mnapata 48. Haitoshi mwaka wa kwanza. Kwa hiyo toeni sange kwa kilomita, kila sura ya msitu peke yake, lakini umbali endeleeni kuupima. Mwaka wa pili mtaunganisha.

---

kiota_cha_majani

Hapo tunatofautiana kidogo. Badala ya kungoja mwaka wa pili, ningetembea kila mstari mara mbili kila msimu, siku tofauti. Nauli inaongezeka, kweli, lakini mnapata kitu cha ziada: tofauti kati ya siku ya kwanza na ya pili inawaonyesha namba zinayumba kiasi gani bila mnyama yeyote kufa wala kuzaliwa. Mstari uliotoa sange 5 Jumanne na 1 Alhamisi unafundisha unyenyekevu.

Kamera: mbili haziwezi kuhesabu sange wa msitu mzima, msizipe kazi hiyo. Zitumieni kujua nani yupo ambaye miguu yenu inamkimbiza, kama paa wa Aders (Cephalophus adersi), yule Wazanzibari wanayemwita paa nunga. Acheni kila kamera siku 30 mahali pamoja kisha muihamishe. Urefu wa goti au chini kidogo, sentimita 30 hadi 40, mita 3 kutoka kwenye kijia, ielekee kaskazini au kusini ili jua la asubuhi na jioni lisiipige usoni. Fyeka nyasi na matawi yaliyo mbele yake, la sivyo utaleta nyumbani picha elfu mbili za jani likicheza. Picha tatu kwa kila mshtuko, bila kusubiri. Tarehe na saa zihakikishwe kila betri zinapobadilishwa, kwa sababu kamera nyingi zikikosa umeme hurudi kwenye tarehe ya kiwandani. Picha za mnyama yuleyule ndani ya dakika 30 ni tukio moja.

Wanawake wanaookota kuni watapigwa picha nao. Kubalianeni mapema na vijiji kwamba picha za watu zinafutwa, na mfute kweli. Kikundi kikigeuka jicho la kuwapeleleza majirani, kamera zitaibwa na mistari itang'olewa alama.

---

doria_mashariki

Kabla ya yote hayo: msitu unasimamiwa na KFS (shirika la misitu) na KWS (shirika la wanyamapori) kwa pamoja, kwa hiyo barua iende kote kuwili kupitia jumuiya yenu ya msitu, na kama data itatumika kwa utafiti mtaulizwa kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Ombeni askari wa kuandamana nanyi. Humo mna tembo na nyati, na mtu anayetembea kimyakimya kilomita moja kwa saa, macho yakiwa kwenye majani, ndiye hasa anayekutana nao ghafla. Kinyesi cha tembo kikiwa bado na joto, mstari unakatishwa. Andikeni mita mlizofika, juhudi ihesabiwe hadi hapo. Nguo za rangi ya udongo, maji lita mbili kila mtu, na saa ya mwisho ya kutoka ambayo aliyebaki nje anaijua.

Tanzi za kunasa wanyama mtazikuta. Andikeni mahali, ya waya au kamba, imetegwa au ya zamani, kisha mwachieni askari aitegue. Tanzi kwa kilomita ni namba yenye thamani sawa na sange kwa kilomita, iwe na safu yake.

Msitume mahali pa bundi au viota kwenye makundi ya WhatsApp. Picha ikitumwa kama faili inabeba mahali ilipopigwa ndani yake. iNaturalist, tovuti ya kuweka picha za viumbe, huficha kwa kawaida mahali pa spishi zilizo hatarini, ila ukiandika "mita 200 kutoka geti" kwenye maelezo umeshaifichua mwenyewe.

---

karani_wa_fomu

La mwisho kwa wale wa sine: kabla ya kuingia msituni, piga sine ya 30 kwenye kikokotoo cha simu. Ikija 0.5, endelea. Ikija −0.988, simu iko kwenye radiani, na sange wako wa mita 20 atakuwa mita −19.8 kutoka kwenye mstari. Bonyeza DEG.